Mpuliza saksafoni wa "Smokey Joe's Cafe" ni nani hasa?

KijanaKikwajuni anauliza:

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Najifunza saksafoni ya tena (tenor, ile ya sauti nene) hapa mjini, chombo chenyewe cha kuazima. Maalim wangu kanipa memori imejaa nyimbo za Marekani za miaka ya hamsini, R&B (rhythm and blues) ile ya mwanzo mwanzo, akanambia: sikiliza, maswali baadaye. Nimesikiliza. Sasa maswali yamenijaa na maalim kasafiri.

Iliyonikamata ni "Smokey Joe's Cafe" ya kundi la waimbaji The Robins. Jamaa kakaa hotelini anakula maharage yake, kaingia mwanamke kaja kukaa ubavuni pake, mara mwenye hoteli katoka nyuma ya kaunta na kisu mkononi, kamshika ukosi. Hadithi nzima haifiki dakika tatu. Humo katikati saksafoni inaingia, fupi, chafu kidogo, kisha inajitoa. Nimeirudia mpaka mama kanambia nizime.

Nimepata jina tu: Gil Bernal, mtu wa Los Angeles mwenye asili ya Meksiko. Ndo nauliza: huyu bwana alikuwa nani, na ilikuwaje Mmeksiko akawa ndani ya muziki wa watu weusi tangu siku hizo? Na kwa nini hatajwi?

DogoWaDarajani:

Kaka, Wameksiko mimi nawajua kwa gitaa na tarumbeta. Labda unamkusudia Chuck Higgins, yule wa "Pachuko Hop". Huyo ndo Mmeksiko wa saksafoni, jina la wimbo lenyewe linasema.

MzeeWaSahani:

Wa alaykum salaam mwanangu wa Kikwajuni. Swali zuri, nitalijibu kwa urefu, na asiyependa marefu apite.

Kwanza tumuweke sawa huyu wa Darajani. Chuck Higgins hakuwa Mmeksiko. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Gary, Indiana. "Pachuko Hop" ilitoka 1952 kwa kampuni ndogo ya Combo, na anayepiga piano mle ndani ni Johnny "Guitar" Watson, kabla watu hawajamjua kwa gitaa. Jina aliwapa wasikilizaji wake. Wapachuko walikuwa vijana wa Los Angeles wenye asili ya Meksiko, suruali pana inayobana vifundoni, koti refu mpaka karibu na magoti. Nguo hizo ziliwaponza. Juni 1943 wanamaji na askari waliingia mitaani wakawapiga na kuwavua hadharani. Kwa hiyo Higgins kuwatungia wimbo miaka tisa baadaye lilikuwa jambo la heshima, na lilikuwa biashara pia, maana hao ndio waliokuwa wakijaza kumbi zake.

Mie haya sikuyasoma skuli. Ami yangu alikuwa baharia, na kila aliporudi alikuwa na sahani za santuri kazifunga katikati ya nguo zisivunjike. Baadaye nikawa na kibanda cha kurikodi kaseti. Wateja wangu walitaka taarab na nyimbo za filamu za Kihindi, na mimi nikiwapa walichotaka, maana ndiyo iliyonilisha. Sahani za ami nilikuwa nikizipiga mwenyewe baada ya kufunga mlango. Hakuna aliyekuja kuziomba hata siku moja. Basi leo nimefurahi.

Gil Bernal alizaliwa 1931, akakulia Watts. Angalia ramani: Watts iko kusini ya Los Angeles, na siku hizo walikaa humo watu weusi na Wameksiko nyumba kwa nyumba. Juu yake kidogo ndiyo Central Avenue, barabara iliyokuwa na vilabu vya jazi usiku kucha. Hapo Central na Vernon palikuwa na duka la sahani la John Dolphin halifungwi, na mtangazaji anarusha matangazo ya redio kutoka dirishani mwa duka. Mtoto anayekulia hapo, mwenye asili ya Meksiko au mwengine yeyote, anasikia bluzi kabla hajajua kuandika jina lake. Unauliza ilikuwaje akawa ndani ya muziki wa watu weusi. Hakuingia kutoka nje. Ndio muziki aliokulia nao.

Mnamo 1950 akachukuliwa na bendi ya jazi ya Lionel Hampton, kuimba na kupuliza saksafoni ya tena. Hapa pana uzito, mwanangu. Kiti cha tena katika bendi ya Hampton kilikuwa na historia. 1942 alikikalia Illinois Jacquet, kijana wa miaka kumi na tisa, akapiga kipande chake cha "Flying Home" ambacho kila mpuliza tena Marekani alilazimika kukihifadhi. Akaja Arnett Cobb, naye akakipiga, na hadhira ikikasirika ukibadilisha. Kutoka kipande kile kikazaliwa kizazi kizima cha wapuliza saksafoni wa kelele: Big Jay McNeely, mtu wa Watts pia, "Deacon's Hop" yake ikashika namba moja ya R&B 1949. McNeely akilala chali jukwaani huku anapuliza noti moja ile ile mpaka watu wanapandwa na mori. Kuna picha zake mashuhuri za Olympic Auditorium, 1951, alizopiga Bob Willoughby: vijana wameegemea jukwaa wanapiga mayowe na yeye yuko chini mgongo sakafuni.

Sasa sikiliza tena "Smokey Joe's Cafe" ukiwa na hayo kichwani. Bernal alitoka katika kiti kile kile, katika mji ule ule, na koo la kelele analo, utalisikia. Lakini hapigi kelele. Anasema neno lake, anamwachia mwimbaji. Kwangu mimi hicho ndicho alichokuwa nacho yeye na wengi hawakuwa nacho: alijua hadithi ni ya nani.

Waandishi wa hadithi zile walikuwa vijana wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller, Mayahudi, wote wazaliwa wa 1933. Stoller alipohamia Los Angeles alikuwa akipiga piano na bendi ya Wameksiko ya Blas Vasquez, na vijana wa kipachuko walikuwa marafiki zake. Kwa hiyo Bernal kwao hakuwa mgeni. Wakafungua kampuni yao, Spark, pamoja na Lester Sill. 1954 wakatoa "Riot in Cell Block #9" ya The Robins, inaanza na king'ora na risasi, sauti nzito ya mbele ni Richard Berry, na saksafoni ni Bernal. Mwaka huo huo Spark ikamtolea Bernal sahani kwa jina lake mwenyewe, "The Whip". Itafute. Humo utamsikia bila mtu wa kumsubiri, na mie, niseme kweli, naipenda zaidi kidogo kuliko zile za Robins.

Spark ilikuwa ndogo, sahani zake zilishindwa kutoka pwani ya magharibi. 1955 Atlantic ikaichukua "Smokey Joe's Cafe", ikaitoa kwa lebo yake ya Atco, ikawachukua na waandishi. Robins wakagawika. Carl Gardner na Bobby Nunn wakaenda kuunda The Coasters. Wimbo wao wa kwanza, 1956, "Down in Mexico", Bernal yumo. Halafu Leiber na Stoller wakahamia New York, na saksafoni ya Coasters ikawa ya King Curtis. "Yakety Yak", 1958, ndiyo inayojulikana duniani, na ni Curtis. Bernal akabaki Los Angeles.

Hapo ndipo jina lilipopotelea, kama unauliza kwa nini hatajwi. Treni ilihamia mji mwengine na yeye hakuhama nayo.

BiFidla:

Ahsante Mzee, nimesoma mpaka mwisho na uji umeungua.

Mie napiga fidla kwenye taarab, na nimekwenda kuusikiliza huo wimbo sasa hivi. Kitu alichokisema Mzee, kumwachia mwimbaji, sisi tunapigiwa kelele kwacho tangu siku ya mwanzo. Mwimbaji akimaliza mstari, fidla ndiyo inamjibu, na ukijibu kwa urefu ukamkanyaga mstari wa pili utaangaliwa jicho hilo mpaka mwisho wa wimbo. Gil Bernal angekaa nasi mstari wa mbele bila kufundishwa.

Nina swali. Hawa waliopuliza katika sahani za watu, walilipwaje? Wimbo ukiuza mamilioni, mpuliza saksafoni anapata chochote?

DogoWaDarajani:

Shikamoo Mzee. Nimekoma na Higgins. Na mimi nataka kujua la pesa.

MzeeWaSahani:

Marahaba. Bi Fidla, pole na uji.

Pesa ilikuwa ya kikao. Unakuja studio, mnapiga nyimbo tatu au nne, unasaini, unapewa malipo ya kikao kwa kiwango cha chama cha wanamuziki, unakwenda zako. Sahani ikiuza mia au milioni, wewe ni yale yale. Jina lako kwenye karatasi ya sahani halimo. Mwimbaji yumo, mtunzi yumo, kampuni imo kwa herufi kubwa.

Mfano mzuri uko 1958. Duane Eddy, mpiga gitaa kijana, alirikodi "Rebel Rouser" Phoenix, Arizona. Studio ile haikuwa na chumba cha mwangwi, basi Lee Hazlewood, mtayarishaji, akanunua tangi la maji la galoni 2,000, zaidi ya lita 7,500, akaliweka nje. Huku spika, kule maikrofoni, sauti ya gitaa inapita ndani ya tangi ndipo inarudi kwenye tepu. Yale matangi meusi tuliyonayo juu ya paa ni lita elfu moja, sasa fikiri. Kisha tepu ikapelekwa Hollywood, studio ya Gold Star, Gil Bernal akasimama akapuliza juu ya kilichokwisha kurikodiwa, na kundi la vijana weusi likaongeza makofi na vigelegele. Sahani ikafika namba sita Marekani. Nyuma ya jina la Duane Eddy saksafoni inajibizana na gitaa wimbo mzima, mpaka mwisho. Watu wameucheza miaka sitini wanasema "gitaa la Duane Eddy". Gitaa lipo, ni kweli. Lakini iondoe saksafoni uone kinachobaki.

MpembaWaWete:

Assalaam alaykum. Mie nlo Wete, huku tunasoma kimya kimya tu lakini leo n'na mawili.

La kwanza, KijanaKikwajuni kasema sauti "chafu kidogo". Hiyo haitokani na chombo kibovu. Mpulizaji anaunguruma kooni huku anapuliza, sauti mbili zinagongana ndani ya bomba. Wapuliza zumari wetu wa kirumbizi wanajua koo lina kazi, na pumzi pia: wanajaza mashavu, wanavuta hewa puani huku mashavu yanasukuma, na sauti haikatiki. Ukitaka pumzi, nenda kwa mzee wa zumari kabla hujalipa mtu.

La pili, mbona hamumtaji yule wa "Tequila"? Au kwa kuwa wimbo una jina la pombe? Mie n'liusikia kwenye harusi ya watu, beni ikaupiga mtaani, masheha wamo, wala hapana aliyejua ni pombe.

DogoWaDarajani:

😂😂 Beni ya mbwa kachoka wanaweza kupiga chochote mbele ya yeyote. Nimewasikia wakipiga wimbo wa matangazo ya sabuni.

MzeeWaSahani:

Mpemba umenikumbusha mtu ambaye ningemtaja mwisho, kumbe ni bora atajwe sasa.

Aliyepuliza "Tequila" ni Danny Flores, Mchicano (ndivyo waitwavyo Wamarekani wenye asili ya Meksiko) wa Santa Paula, California, mzaliwa wa 1929. Kwenye sahani utakuta jina Chuck Rio. Alikuwa tayari na mkataba na kampuni nyingine, hakuweza kutumia lake. Kikao kilikuwa Desemba 1957, wapigaji wa studio tu waliokusanywa, na kundi likabatizwa The Champs, kutokana na Champion, farasi wa Gene Autry, mwenye kampuni iliyotoa sahani ile. Wimbo waliokuja kuurikodi hasa ni "Train to Nowhere". "Tequila" Flores alikuwa nayo kichwani, wakaipiga haraka kujaza upande wa pili wa sahani. Neno lile moja linatamkwa mara tatu, na anayelitamka kwa sauti ya kutoka tumboni ni yeye mwenyewe.

Watangazaji wakaigeuza sahani. Machi 1958 ikawa namba moja Marekani. 1959, tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, tuzo ya R&B ikaenda kwa "Tequila". Basi mtu akikwambia Wameksiko waliingia R&B kwa mlango wa uani, mwambie tuzo ya kwanza ya Grammy ya R&B ilibebwa na saksafoni ya Mchicano, chini ya jina lisilo lake. Na haki za wimbo kwa soko la Marekani alikuwa keshazisaini kwa wengine. Akabaki nazo za nje. Akafariki 2006.

Bi Fidla, hilo ndilo jibu la pili la swali lako. Mmoja alilipwa kikao, mwengine alitunga wimbo unaopigwa mpaka kwenye harusi za Pemba akasaini sehemu kubwa ikaondoka. Hasira zangu ziko zaidi kwa la pili.

Kwa kupuliza, nampenda Bernal. Flores ana sauti moja kubwa nzuri, na "Tequila" inataka hiyo tu. Bernal anabadilika. Kwenye "Riot" ni mtu wa jela, kwenye "Smokey Joe's" ni mcheshi, kwenye "Rebel Rouser" ni mtu wa kelele za barabarani. Alipiga pia na Spike Jones, bendi ya vichekesho iliyotumia honi na bastola, na huko huwezi kukaa kama huna saa kichwani.

BiFidla:

Huyo wa honi na bastola angeolewa na beni yetu bila mahari.

KijanaKikwajuni:

Shikamoo Mzee, na nyote ahsanteni. "The Whip" nimeipata. Sijui kama nakubaliana nawe, Mzee, mimi bado nipo hotelini kwa Smokey Joe. Lakini nimesikia mle alivyovuta noti moja akaichelewesha kidogo nyuma ya ngoma, na nimejaribu, na inatoka kama mtu anayejikwaa.

Mawili ya mwisho. Baada ya 1958 alikwenda wapi? Na nianze kujifunza kipi?

MzeeWaSahani:

Marahaba mwanangu. Hakwenda popote, ndiyo raha yake. Aliendelea kupiga na kuimba Los Angeles, jazi zaidi, vilabuni, miongo yote hiyo. Jina lake likarudi 2005, mpiga gitaa Ry Cooder alipotoa albamu ya "Chávez Ravine", na saksafoni ya Bernal imo, mzee wa miaka sabini na kitu. Albamu ile inahusu mtaa wa Wameksiko uliokuwa juu ya kilima Los Angeles. Wakaazi walitolewa miaka ya hamsini kwa ahadi ya kujengewa nyumba za serikali. Nyumba hazikujengwa. Kikajengwa kiwanja cha besiboli cha Dodgers, kikafunguliwa 1962. Sie tuliokulia Ng'ambo tukaona mitaa inavunjwa kupisha majumba ya Michenzani tunaweza kuisikiliza albamu ile bila kufasiriwa, ingawa hapa angalau majumba yalisimama na watu wakakaa. Kamwombeni mtu aliyeishi mtaa wa zamani asikilize, muone uso wake. Bernal alifariki 2011, na alikuwa bado anapiga uzeeni.

La kuanza. Usianze na kile kipande cha saksafoni. Jifunze kuimba maneno ya "Smokey Joe's Cafe" kwanza, yote, mpaka ujue mwimbaji anavuta pumzi wapi. Kisha puliza yale mashairi, siyo saksafoni, mashairi ya mwimbaji, kwa sauti ndogo. Ndipo uje kwenye kipande cha Bernal. Utaona kwa nini anaingia pale anapoingia. Hiyo ya kuchelewa nyuma ya ngoma iache kwa sasa. Anayechelewa kwa makusudi lazima kwanza aweze kufika kwa wakati, na wewe umesema mwenyewe unajikwaa.

Kisha "Flying Home" ya 1942, kipande cha Jacquet, chote kwa moyo. Kitakuchosha. Hapana njia ya mkato.

MpembaWaWete:

Na zumari?

MzeeWaSahani:

Na zumari, Mpemba, sijakusahau. Akija huko mpeleke kwa huyo mzee wako, asije akarudi na mashavu matupu.

KijanaKikwajuni:

Nakuja Wete wiki ya skuli kufunga, inshallah. Saksafoni naileta, kama mwenyewe ataniruhusu kuipandisha boti.

BiFidla:

Ifunike vizuri. Chumvi ya Nungwi inakula shaba hata ndani ya sanduku, na ile ngozi ya kwenye vifuniko vya matundu ikishalowa hubanduka. Fidla yangu naivalisha khanga mbili.